Wasomaji Mia Moja Themanini na Saba

Alhamisi asubuhi nyumba ile ilikuwa na sheria moja: cherehani isilie kabla ya saa mbili. Fundi, ambaye kwa miaka ishirini na sita alikuwa akishona sare za shule katika chumba cha mbele, aliitii sheria hiyo kuliko alivyowahi kuitii sheria ya serikali yoyote. Alikaa mbele ya cherehani yake, kitambaa cha buluu kikiwa kimeshawekwa chini ya sindano, mikono mapajani kama mtoto anayesubiri kuruhusiwa kula. Mara sauti ya mkewe ikatoka chumba cha nyuma: "Imekwenda!" Hapo ndipo fundi alipokanyaga pedali.

Kilichokwenda kilikuwa ni barua, na aliyeituma walimwita Bi Nukta.

Jina hilo alilipata kazini, katika idara ya maji, alikoandika programu za kompyuta kwa miaka ishirini na minne. Lugha aliyoitumia ilibuniwa kabla yeye hajazaliwa, nayo ina tabia za mwalimu mkali: kila sentensi sharti imalizike kwa nukta. Ukisahau nukta kwenye mstari wa kumi, programu inaanguka kwenye mstari wa mia tatu, nawe unabaki kumsaka mchawi mahali asipokuwapo. Vijana waliofundishwa naye walizoea kuisikia sauti yake nyuma ya mabega yao: "Nukta, mwanangu. Nukta." Jina likamganda hata likalimeza lile alilopewa na wazazi wake.

Kisha idara ikanunua mfumo mpya. Wakubwa walimshukuru kwa hotuba tatu na cheti chenye fremu, wakamfungulia mlango. Haukupita mwezi, simu ikaita. Mwenzake wa zamani, aliyehamia mji mwingine, alikuwa amekwama: ankara za maji za mtaa mzima zilikuwa zimetoka na jina la mtu mmoja. Bi Nukta alimwelekeza kwa simu mpaka zikanyooka. Wiki iliyofuata akapiga mwingine mwenye tatizo lile lile. Alipopiga wa tatu, Bi Nukta akasema moyoni, "Kurudia jambo moja mara tatu ni kazi ya mashine." Akaandika jibu lake vizuri, akalituma kwa barua pepe kwa watu saba.

Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita. Wale saba waliwaambia wenzao, wenzao wakawaambia wengine, na sasa kila Alhamisi jarida lake dogo liliwafikia watu mia nne thelathini na mmoja: watunza kumbukumbu wa hospitali, makarani wa bima, mafundi wa maghala, watu ambao mashine zao zilisahauliwa na dunia lakini hazijasahau kufanya kazi. Kila toleo lilikuwa na swali moja la msomaji, jibu lake, utani kidogo, na mistari kumi na miwili ya programu. Haikuwa kumi na mitatu hata siku moja. "Wa kumi na tatu," alikuwa akisema, "ndio unaoficha kosa."

"Wanaume wengine," fundi alipenda kuwaambia wateja wake huku akiwapima kiuno, "mke akiandikiana barua na mtu mmoja tu hawapati usingizi. Mimi wangu anawaandikia mia nne, na bado ninamchemshia chai."

Utani huo ulikuwa na ukweli unaouma. Kampuni inayosambaza barua hizo haikumtoza kitu wasomaji walipokuwa wachache. Walipovuka mia nne, ikaanza kutoza. Tena kuandika toleo moja kulimla siku mbili nzima za wiki, na binti yao, aliyekuwa mwaka wa pili katika masomo ya uuguzi, hakuwa akila shukrani za wasomaji. Ndipo shule moja, mteja wa siku nyingi wa fundi, ilipomtaka Bi Nukta awe mtunza kompyuta wao, Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia mwezi mpya. Ilikuwa kazi nzuri, lakini kwa kazi hiyo, barua ya Alhamisi ingekufa.

"Mama Nesi," fundi alimwambia jioni moja, akikata nyuzi kwa meno, "mimi sikukatazi. Nakuona Alhamisi unavyotoka chumba kile, unang'aa kama bi harusi. Lakini mkono mtupu haulambwi."

"Najua, Baba Nesi. Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Nikipata mdhamini, kampuni ya kuweka tangazo lake kwa mwaka mmoja, barua inaishi. Nikikosa, nakwenda shule."

"Bila kununa?"

"Nitanuna siku moja."

"Siku moja ni halali yako," fundi akasema. Wakapeana mikono kama wafanyabiashara wawili walioaminiana.

Bi Nukta akaanza kutafuta. Aliandika barua kumi na tisa kwa kampuni kumi na tisa, kila moja kwa maneno yake, kwa sababu aliona haya kumwomba mtu kwa barua iliyokwisha kumwomba mwingine. Kumi na mbili hazikujibiwa. Nne zilijibiwa na mashine. Meneja wa kampuni moja ya bima alimwita ofisini kwake, ghorofa ya saba, akamkazia macho ya mshangao.

"Lugha hiyo bado ipo? Mimi nilidhani tulishaizika."

"Mliizika hai, mwanangu. Mshahara wako wa mwezi uliopita umekokotolewa nayo. Ilipowagomea mwaka juzi, aliyeitwa kuja kuibembeleza ni mimi."

Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Aliagiza chai na biskuti, akamwonyesha picha za wanawe, akamsindikiza hadi kwenye lifti kama mama mkwe. Alimpa kila kitu isipokuwa udhamini.

Zilipobaki wiki tatu, mlango mmoja ukafunguka. Ilikuwa kampuni inayokodisha nafasi kwenye seva zake, na afisa masoko wake alikuwa kijana mwenye viatu vya kung'aa na roho nzuri.

"Mama, barua yako nimeisoma," alisema. "Nusu yake sikuielewa. Nusu nyingine nimecheka."

"Hiyo uliyocheka ndiyo ngumu."

Kijana akacheka tena, kisha akaweka kalamu juu ya karatasi ya takwimu alizoletewa. "Wasomaji mia nne thelathini na mmoja. Hilo halina neno, wataalamu hawa ni adimu kama maziwa ya kuku, hata mia wangetosha. Shida iko hapa. Wanaofungua barua ni asilimia hamsini na mbili. Bosi wangu ataniuliza, hao wengine wamelala?"

"Anataka ngapi?"

"Sabini. Chini ya sabini hatii sahihi hata kwa mama yake mzazi."

"Na orodha ikipungua?"

"Ipungue, mama! Afadhali kibaba cha mchele kuliko gunia la pumba."

Bi Nukta alirudi nyumbani akiwa na hesabu hiyo kichwani. Hakuona dhambi ndani yake. Kusafisha orodha ni kazi ya kawaida kwa watu wa fani yake. Watu huhama kazi, husahau anwani zao, wengine hutangulia mbele ya haki na barua zikaendelea kuwafuata. Akatengeneza nakala ya akiba ya orodha nzima, maana alikuwa na mwiko wa kutofuta kitu ambacho hajakinakili, kisha akaandika programu fupi: msomaji yeyote ambaye hajaonekana kufungua barua hata moja kwa miezi sita, aondolewe. Programu ilipita kama fagio. Majina mia moja themanini na saba yakatoka. Wakabaki mia mbili arobaini na wanne.

Alhamisi barua ilikwenda, cherehani ikalia, na kabla ya saa nne afisa masoko akapiga simu.

"Tisini na moja! Mama, umewafanya nini watu hawa? Bosi hajawahi kuona tisini na moja maishani mwake. Njoo Ijumaa ya wiki ijayo, tutie sahihi. Mwaka mzima!"

Fundi aliposikia aliiacha sare nusu mkono, akampigia simu binti yao, akamwambia asome kwa bidii kwa sababu mama yake sasa ni mtu wa mikataba. Bi Nukta alikaa kitandani, akafunika uso kwa viganja, akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo isiyotoka nje ya vidole.

Mchana wa siku hiyo hiyo ukaingia ujumbe wa kwanza, kutoka kwa mtunza kumbukumbu wa hospitali: "Barua haijafika leo. Unaumwa?" Akamjibu kwa upole kuwa anwani yake iliondolewa kwa kuwa hakuwa akifungua barua, na kwamba amemrudisha. Ukaja wa pili: "Nimeulizwa na watu sita iko wapi, nami sina cha kuwaambia." Ukaja wa tatu, wa tisa. Ijumaa jioni jumbe zilikuwa zimefika thelathini na moja, na Bi Nukta alikuwa ameacha kujibu, akawa anazitazama tu. Ndipo simu ilipoita. Alikuwa mwanamke anayesimamia ghala la nafaka upande wa pili wa mji, msomaji ambaye hawakuwahi kuonana.

"Dada, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, dada yangu. Orodha yangu inaonyesha kuwa hujafungua barua hata moja tangu mwaka uanze. Nilidhani umehama."

"Sijafungua?" Msimamizi akacheka kicheko cha mtu aliyesingiziwa. "Dada, mimi? Jumatatu njoo ghalani. Usinijibu. Njoo tu."

Jumatatu akaenda. Ghala lilikuwa kubwa kama uwanja, lenye harufu ya magunia na mafuta ya mashine, na vumbi lililosimama kwenye mistari ya jua kama limeambiwa lisitembee. Ofisi ilikuwa chumba cha kioo pembeni mwa mizani. Msimamizi, mwanamke mnene mwenye kalamu mbili kichwani, alimkumbatia kabla hajamwambia jina lake, kisha akamgeuza kwa mabega, akamwelekeza ukutani.

Ukuta mzima ulikuwa barua zake. Zilikuwa zimechapwa kwenye karatasi ndefu zenye matundu pembeni, zikapigiliwa kwa misumari safu kwa safu, tangu toleo ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameshalisahau. Pembe za chini za karatasi zilikuwa na weusi wa vidole gumba. Pambizoni kulikuwa na maandishi ya penseli ya mikono tofauti: "Hii ilituokoa mwezi wa tatu." "Usiguse mstari wa 7 bila kuniuliza." Moja ilisema tu, "Ha ha haaa," na chini yake mkono mwingine ukaandika, "Fanya kazi."

"Huyo ni dereva wa winchi," msimamizi akasema. "Programu haijui, lakini utani wako lazima asomewe."

Bi Nukta aliyasoma maandishi yale mpaka la mwisho. Alisogelea kompyuta iliyokuwa mezani, mashine ya kijivu yenye umri wa kuwa na wajukuu, akaomba kuona barua moja. Msimamizi akaifungua. Maneno yalikuwapo yote, safi, na chini kabisa palikuwa na kisanduku kidogo kitupu, mahali ambapo picha ingekaa kama picha zingeruhusiwa.

Hapo ndipo alipoelewa. Ili kujua kama barua imefunguliwa, kampuni ya kusambaza huficha ndani yake kipicha kidogo kuliko punje ya mtama, kisichoonekana kwa macho. Kompyuta ya msomaji ikikiita kipicha hicho, msomaji anahesabiwa. Isipokiita, msomaji huyo hayupo, hata kama ameisoma barua mara kumi na kuipigilia ukutani.

"Nani aliwaambia mfunge picha?" aliuliza, ingawa jibu lilikwisha kumfikia.

Msimamizi akamtazama kwa mshangao. "Wewe, dada. Toleo la mwaka wa kwanza. Ulisema tufunge picha zote ili mashine za zamani zisichoke na virusi visipite." Akapapasa ukuta kwa kidole, akaipata. "Hii hapa."

Ilikuwa hapo kweli, imepigiwa mstari mara mbili. Bi Nukta alikaa juu ya gunia. Kumbe programu yake haikuwafagia waliolala. Waliomtii ndio aliowafuta.

Alirudi nyumbani akapita chumba cha mbele bila salamu. Fundi alimfuata na kikombe.

"Nani amekufa?"

Akamweleza yote. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Ukiwarudisha wote, ile tisini na moja inakuwa ngapi?"

"Hamsini na mbili, kama zamani. Mkataba unakufa."

"Na usipowarudisha?"

"Tunapata pesa."

Kikombe kilipoa katikati yao. Shule ilikuwa ikingoja jibu, na ada ya binti ilikuwa mwezi ujao. Fundi alishusha pumzi, akakaa karibu naye.

"Mama Nesi, kuna siku nilishona sare mia mbili, nikakosea mfuko. Uliona nilivyozifumua zote. Uliniuliza swali gani siku ile?"

"Sikukuuliza kitu."

"Basi nami sikuulizi."

Bi Nukta alitaka kucheka, badala yake akalia kidogo, kilio kifupi cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akafungua nakala ya akiba na kuwarejesha wote, jina kwa jina, akisoma kila moja kwa sauti kana kwamba anawaita waingie ndani kutoka kwenye mvua.

Jumanne alikwenda kwa afisa masoko, ana kwa ana, kwa sababu jambo la aibu halisemwi kwa simu. Kijana alisikiliza huku akizungusha kalamu.

"Mama, mbona dawa yake ni rahisi? Gawa orodha mara mbili. Hii ya picha iwe yetu, ile ya ukutani itume pembeni. Bosi hatajua."

"Lakini wewe utajua. Na mimi. Mwanangu, nitakuwa nimewapokea wageni nusu kwa mlango wa mbele, na nusu nimewaficha jikoni, nao ndio waliojenga nyumba."

Kijana akaiweka kalamu mezani. "Nitamwonyesha bosi hiyo hamsini na mbili, nimweleze. Lakini nisikudanganye, ninajua jibu."

Jibu lilikuja saa hiyo hiyo, na lilikuwa lile alilolijua. Kijana alimsindikiza Bi Nukta hadi mlangoni, uso umemshuka. "Mama, naomba uniingize kwenye orodha. Ile nusu nisiyoielewa nimeanza kuionea wivu."

"Nukta," Bi Nukta akamwambia, akimpapasa bega. "Anza na nukta." Akatoka, na barabarani alijikuta anamwombea heri kijana yule, maana si kila anayekunyima ni adui yako.

Zilibaki Alhamisi mbili. Toleo la kwanza kati ya hizo aliliandika kwa siku tatu. Hakuweka swali la msomaji. Aliweka swali lake mwenyewe. Alieleza jinsi alivyotafuta mdhamini, jinsi alivyofagia orodha, na jinsi fagio lilivyowatoa wenye nyumba. Ile mistari kumi na miwili ilikuwa programu yake yenye kosa, kama ilivyo, na chini yake aliandika: "Programu hii haina hata nukta moja iliyopungua, na bado ni mbovu kuliko zote nilizowahi kuandika. Niliuliza nani ameonekana, nikadhani nimeuliza nani yupo." Mwisho akawaambia kwamba huenda barua ya wiki ijayo ikawa ya mwisho, akawashukuru kwa miaka minne, akawataka radhi wale mia moja themanini na saba. Akatuma. "Imekwenda," alisema, kwa sauti iliyomfanya fundi asikanyage pedali mara moja.

Majibu yalianza kuingia kabla ya chai. Karani mmoja wa bima alimwandikia kuwa kosa kama hilo liliwahi kumfanya awafute wajane wote wa wilaya. Mtu wa hospitali alisema watachanga. Msimamizi wa ghala aliandika mstari mmoja: "Ukuta bado una nafasi." Bi Nukta aliyasoma moja moja, na kila alipodhani amemaliza, mengine yalikuwa yameingia.

Jumamosi asubuhi mzee mfupi, mwenye kofia ya sufu na mkoba wa ngozi, alisimama kwenye mlango wa chumba cha mbele. Fundi akainuka na futi yake.

"Karibu, mzee wangu. Suruali au koti?"

"Barua," akasema mzee.

Walipomkalisha, alijieleza kwa utaratibu. Alikuwa na duka la tepe za wino, zile za printa za zamani zinazogonga karatasi kwa kelele, na mjini alijulikana kwa jina la Mzee Tepe. Karani wake alikuwa msomaji wa Bi Nukta.

"Alhamisi alikuwa ananisomea barua yako wakati wa chakula," alisema. "Alipofika kwenye wale uliowafuta nikamwambia, simama hapo. Rudia. Akarudia. Mashine za zamani, hawana picha, wanachapa, wanabandika ukutani. Nikaacha kijiko. Mama, nina maswali mawili. La kwanza, watu hao umewarudisha?"

"Wote, mzee."

"La pili. Anayepigilia barua ukutani, ameichapa kwa kitu gani?"

Fundi ndiye aliyeelewa kwanza. Alipiga kofi kwenye paja lake.

"Kwa tepe!"

"Kwa tepe," Mzee Tepe akakubali. "Miaka thelathini natangaza kwenye magazeti ya watu wasio na printa kama hizo. Hao uliowafuta, mama, ndio wateja wangu wote chini ya jua, na sikujua wanakaa wapi. Nataka nafasi yako ya tangazo. Mwaka."

Bi Nukta alitamani kukubali papo hapo, lakini wiki ile ilikuwa imemfunza. "Mzee, nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Sina namba ya kukuonyesha. Hao wasomaji siwezi kuthibitisha kuwa wanafungua. Tena wengine wataendelea kuhesabiwa kuwa hawapo."

"Wakiishiwa wino watakuja dukani. Mimi nitawahesabu pale." Akafungua mkoba. "Ila nina sharti. Tangazo langu lisiwe na picha. Maneno matupu, yachapike. Na waambie wasitupe kasha la tepe likiisha. Walete nilijaze upya, ni nusu ya bei."

"Hilo la kasha nitalisema hata bila kulipwa."

"Usiseme bila kulipwa," Mzee Tepe akasema kwa ukali, "nimekuja kufanya biashara, sikuja kuomba."

Wakaangua kicheko wote watatu. Mzee akatia sahihi, kisha Bi Nukta akatia yake huku fundi akimshikia karatasi.

Udhamini wa Mzee Tepe uligharimia usambazaji na siku moja ya kuandika. Siku ya pili ililipiwa na lile ghala na ofisi nyingine tano ambazo, baada ya kusoma toleo lile, zilimwomba apite kila mwezi kukagua programu zao kwa malipo. Si utajiri, lakini ilitosha. Bi Nukta aliuandikia uongozi wa shule barua ndefu ya shukrani, akampendekeza kijana mmoja aliyefundishwa naye katika idara ya maji, naye akaajiriwa. Fundi alibaki na oda ya sare zao, jambo lililokuwa limemtia wasiwasi kuliko alivyokiri.

Alhamisi iliyofuata Bi Nukta aliamka mapema. Aliupima kila mstari wa tangazo la Mzee Tepe usizidi herufi themanini, ili upate nafasi kwenye karatasi zile ndefu bila kukatika. Juu kabisa, kabla ya swali la msomaji, aliweka shukrani kwa kila aliyeuliza barua imekwenda wapi. Akatuma kwa watu mia nne thelathini na wawili. Yule wa mwisho alikuwa afisa masoko. Cherehani ikalia chumba cha mbele.

Mara hii hakutaka kusubiri. Alichukua simu, akapiga ghalani.

"Dada, imefika?"

"Imefika sasa hivi," sauti ya msimamizi ikajibu, na nyuma yake mtu alikuwa akiuliza kama kuna utani. "Usikate. Subiri kidogo."

Kukawa na kimya, kisha mkwaruzo wa karatasi ikivutwa, kisha printa ikaanza kugonga, mstari baada ya mstari. Bi Nukta aliikaza simu sikioni. Alisikiliza mpaka mstari wa mwisho, na karatasi ilipochanwa akasema, "Asante, dada."

"Asante ya nini tena?" msimamizi akauliza, lakini alikuwa ameshageuka kumwomba mtu nyundo.